Jinsi ya Kuivusha Pikapu Kuukuu Kwenye Ukaguzi wa Mwaka

Nchini Kenya pikapu huhesabiwa kuwa gari la biashara, hata kama mwenyewe huitumia kubebea nyasi za ng'ombe wake tu. Kwa hiyo kila mwaka sharti ifike mbele ya wakaguzi wa NTSA, mamlaka inayosimamia usafiri na usalama barabarani, na ikifaulu ibandikwe stika kwenye kioo cha mbele. Kwa gari lililotoka dukani juzi, kazi hiyo huisha asubuhi moja. Kwa Peugeot 504, Isuzu ya zamani au Hilux ya dizeli iliyobeba mawe, maziwa na mahindi kwa miaka ishirini, kinachoamua matokeo ni maandalizi.

Wako wanaoandaa gari kwa ajili ya siku ile moja: wanaazima tairi za jirani, wanakodi kizima moto, wanapaka rangi juu ya kutu. Stika wanaipata, na kesho yake wanarudi barabarani na tairi zilezile zilizokwisha. Mwongozo huu haukufundishi njia hiyo. Unakufundisha kutengeneza pikapu itakayokuwa salama mwaka mzima, na ambayo kwa sababu hiyo haitakuwa na shida mbele ya mkaguzi. Siri kubwa ni mpangilio wa kazi, kwa maana katika gari la zamani ukianza na jambo ambalo zamu yake haijafika utalirudia mara mbili na kulilipia mara mbili.

Anza wiki sita kabla

Tazama tarehe ya mwisho kwenye stika yako, kisha hesabu wiki sita kurudi nyuma. Muda huo si mrefu kama unavyodhani. Spea za Toyota na Isuzu hazina taabu kupatikana, lakini za 504, ambayo zamani ikiunganishwa papa hapa Mombasa, siku hizi hutafutwa kwa kuulizana fundi kwa fundi. Isitoshe, gari kuukuu lina tabia ya kuficha ugonjwa nyuma ya ugonjwa. Unafungua gurudumu ubadilishe pedi za breki, unakuta bering imekwisha; unatoa bering, unakuta sili inavuja.

Nafasi ya ukaguzi huwekwa kupitia eCitizen, kwenye huduma za NTSA: unachagua kituo na siku, unalipia, unahifadhi risiti. Usilipie siku yoyote kabla fundi hajaliinua gari na kukupa orodha kamili ya kilichoharibika. Orodha hiyo iandikwe daftarini, si kukaririwa kichwani.

Karatasi na namba

Anza na logibuku, maana tatizo la karatasi haliondolewi kwa spana. Soma namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na aina ya bodi, kisha toka nje ulinganishe na gari lenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

Pikapu nyingi za zamani hujikwaa kwenye namba ya injini. Injini ya kwanza ilichoka, ikatolewa, ikafungwa nyingine iliyotoka kwenye gari jingine. Pengine hata ya petroli ikapisha ya dizeli. Si kosa kubadilisha injini. Kosa ni kuacha logibuku ikitaja injini ambayo haimo tena ndani ya gari. Tafuta risiti ya ununuzi wa injini hiyo na ufuate utaratibu wa kusajili mabadiliko kabla ya kuweka nafasi. Vivyo hivyo kama ulibadilisha rangi au ulijenga kibanda juu ya sehemu ya mizigo.

Namba ya chesisi kwa kawaida imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chesisi, na katika pikapu nyingi iko upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Mara nyingi imefunikwa na matope na grisi ya miaka. Isafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na brashi laini. Usiruhusu mtu aikwangue kwa mashine ya kusagia chuma, wala fundi wa kuchomelea asikaribie hapo. Namba iliyofutika huzua maswali makubwa kuliko breki mbovu.

Hakikisha bima haijaisha, na kodi ya mapato inayolipwa mapema kwa magari ya biashara imelipwa kwa KRA. Kwa pikapu, kiwango kilichoanza Januari 2024 ni shilingi 2,500 kwa kila tani ya mzigo au shilingi 5,000 kwa mwaka, kutegemea kilicho kikubwa.

Chesisi na bodi

Osha gari chini kwa maji ya presha siku moja au mbili kabla ya kumwona fundi. Uchafu huficha nyufa, na fundi hawezi kutengeneza asichokiona. Gari likishakauka, chukua nyundo ndogo uigonge chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito ya kufa, na wakati mwingine nyundo huzama. Kagua zaidi nyuma ya kebini, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na mahali springi zinaposhikiliwa. Hapo ndipo matope hulala, na matope hutunza unyevu.

Kama pikapu yako hubeba samaki Kilifi au Malindi, maji ya barafu yenye chumvi yanadondokea chesisi kila siku. Kama hubeba samadi Nyandarua, hali si bora sana. Magari ya kazi hizo yaoshwe chini kila wiki, mwaka mzima.

Kutu iliyotoboa chuma haizibwi kwa bati jembamba lililopachikwa juu yake, wala kwa fila na rangi. Kipande kilichooza kikatwe hadi kufikia chuma kizima, kisha kiwekwe chuma chenye unene uleule na kuchomelewa pande zote. Kabla ya kuchomelea, betri itolewe waya, na mipira na mabomba ya mafuta yaliyo karibu yaondolewe. Mabomba membamba ya breki yanayopita kando ya chesisi yakaguliwe wakati huohuo. Bomba likiwa na vipele vya kutu libadilishwe, maana linapasuka siku unapokanyaga breki kwa nguvu.

Juu, angalia kwamba milango yote inafunga na kufunguka ndani na nje, sakafu ya kebini haina matundu yanayoingiza moshi, viti vimekazwa, na mikanda ya usalama inashika. Mlango wa nyuma wa sehemu ya mizigo ufungwe kwa komeo lake, si kwa waya.

Usukani, springi na magurudumu

Kazi hii itangulie breki na taa, kwa sababu utakayoiona hapo chini: urefu wa springi huamua mambo mengine mawili.

Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, kisha gari likae juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukitikisa tena. Mchezo ukipotea, bering ndiyo imelegea. Ukibaki, boljointi imekwisha. Kisha shika tairi kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo hutoka kwenye tairodi au kwenye boksi la usukani. Boksi lina skrubu ya kurekebisha, lakini ikikazwa kupita kiasi usukani huwa mgumu na haurudi wenyewe baada ya kona. Badilisha tairodi kwanza, boksi liguswe mwisho.

Nyuma, kagua kila jani la springi kama lina ufa, kaza yuboliti, na utazame bushi za ncha zote mbili. Shokapu iliyolowa mafuta imekufa. Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja.

Wenye pikapu wengi huongeza jani moja au mawili ya springi ili wapakie zaidi. Fikiria mara mbili. Nyuma inaponyanyuka, mwelekeo wa taa za mbele hubadilika. Na katika pikapu nyingi za Kijapani, ikiwemo Hilux, kuna valvu iliyounganishwa kwa mkono wa chuma na ekseli ya nyuma: nyuma ikishuka kwa mzigo, valvu hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma; nyuma ikiwa juu, huzipunguzia nguvu. Springi zilizoongezwa huidanganya valvu hiyo. Gari limejaa mahindi, lakini valvu inadhani ni tupu, na breki za nyuma hazifanyi kazi inavyostahili. Kwa hiyo rudisha springi katika hali ya kiwandani kwanza. Ndipo uguse breki. Ndipo upange taa.

Kuhusu tairi, ndani ya mifereji yake utaona vituta vidogo vya mpira. Tairi likilika hadi vikawa sawa na uso wake, limebaki na kina cha milimita 1.6 na muda wake umekwisha. Tazama pia ubavuni: nyufa ndogondogo na uvimbe ni hatari hata kama mifereji bado ni mirefu. Ubavuni huohuo, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye ekseli moja tumia tairi za saizi moja na aina moja. Tairi la akiba nalo liwe zima. Kila kitu kikishabadilishwa, peleka gari likafanyiwe alainmenti.

Breki

Katika kituo chenye mashine, magurudumu ya ekseli moja huingizwa juu ya rola zinazozunguka, nawe unaambiwa ukanyage. Mashine hupima nguvu ya kila gurudumu peke yake na tofauti kati ya kushoto na kulia. Ndiyo maana gari ambalo dereva wake anaapa kuwa lina breki kali linaweza kuanguka: linasimama, lakini upande mmoja ndio unaofanya kazi yote, na siku ya mvua litageuka ubavu.

Fungua magurudumu yote manne. Mbele, pistoni za kalipa zisukumike kurudi ndani bila kugoma. Ikigoma, safisha na ubadilishe raba zake. Nyuma, fungua ngoma utazame kama kuna unyevu. Ukiwa wa mafuta mazito, sili ya ekseli inavuja. Ukiwa mwepesi, silinda ndogo ya gurudumu ndiyo inayovuja. Bitana zilizolowa mafuta hazioshwi kwa petroli zikarudishwa. Hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakishanyonya maji kipimo chao hushuka hadi nyuzi 140. Pikapu iliyojaa viazi ikiteremka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu hupasha breki joto kali. Mafuta yakichemka, pedali huzama bila kushika chochote. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, na hewa itolewe kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu.

Kisha fanya majaribio haya gari likiwa limesimama. Kanyaga pedali kwa nguvu uishikilie dakika moja. Ikizama polepole na hakuna uvujaji nje, silinda kuu imechoka. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Ikishuka kidogo, busta ni nzima. Handibreki irekebishwe kwa kuanza na bitana ndani ya ngoma, waya ukazwe mwisho. Anayekaza waya peke yake hupata handibreki ya wiki mbili.

Moshi

Injini ya dizeli ya zamani itatoa moshi kidogo unapokanyaga, lakini wingu jeusi ni ishara ya kasoro. Rangi itakuongoza. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: badilisha filta ya hewa kwanza, kwa kuwa ni rahisi, kisha nozeli zipimwe kwa mashine, na pampu iangaliwe na fundi wa pampu. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanayopenya ndani ya injini. Redieta inayopungua maji itakuthibitishia.

Badilisha oili na filta ya dizeli wiki moja kabla ya ukaguzi. Yako magari yanayopunguziwa mafuta kwenye pampu kwa siku moja ili yapite, kisha yanarudishwa. Usifanye hivyo. Pampu iliyopangwa vizuri hupunguza moshi na gharama ya dizeli kwa wakati mmoja, na faida hiyo ni yako. Egzosti nayo isiwe na tundu, na ipite nyuma ya kebini ili moshi usimfikie dereva.

Taa, maandishi na vifaa

Sasa springi na tairi ziko sawa, taa zinaweza kupangwa. Mtu mmoja aketi kwenye usukani, mwingine azunguke nje: taa kubwa na ndogo, indiketa zote, taa za breki, ya kurudi nyuma, na ile inayoangaza namba. Taa hafifu mara nyingi hailii balbu mpya. Ina kutu kwenye waya wake wa bodi. Sugua hapo hadi chuma king'ae, kisha kaza.

Ukinunua taa kubwa iliyotumika, uliza ilitoka gari la aina gani. Sisi huendesha upande wa kushoto, na taa zetu zikishushwa huangaza zaidi ukingo wa kushoto wa barabara. Taa ya gari la nchi zinazoendesha kulia hutupa mwanga upande wa pili, machoni pa anayekuja, na hakuna skrubu itakayoirekebisha.

Ingia kwenye vitu vidogo, maana ndivyo vinavyowaangusha wengi baada ya kazi kubwa yote: honi, waipa na maji yake, vioo vya kando, kioo cha mbele kisicho na ufa mbele ya macho ya dereva. Namba zisomeke mbele na nyuma. Nyuma pawe na chevroni za kuakisi zenye mistari ya nyekundu na manjano, na maandishi ya 80 KPH. Mlangoni paandikwe jina na anwani ya mwenye gari pamoja na uzito wa gari likiwa tupu. Ndani ya kebini kuwe na pembetatu mbili za tahadhari, kizima moto ambacho sindano yake iko kwenye kijani, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Kidhibiti mwendo hudaiwa kwa magari ya biashara yenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048. Pikapu ya kawaida haifiki hapo, kwa hiyo mtu asikuuzie kifaa usichokihitaji.

Siku ya ukaguzi

Shusha mzigo wote, pamoja na magunia matupu na kamba. Pima upepo wa tairi asubuhi, zikiwa baridi. Chukua logibuku, kitambulisho, bima na risiti. Endesha angalau nusu saa kabla ya kuingia kituoni, ili injini na breki zipate moto wa kawaida. Ukienda kituo cha Barabara ya Likoni, Nairobi, fika mapema. Foleni ya malori ni ndefu.

Mkaguzi atalinganisha namba, atazunguka gari, ataliingiza kwenye mashine, na atashuka shimoni alitazame kutoka chini. Fuata anachokuambia, washa na uzime anapokuomba, usimkatize. Langoni huenda wakakufuata watu wakiahidi kukutolea stika bila gari kuguswa. Wapite. Stika ya namna hiyo haina breki, nawe utakuwa umelipa ili usiambiwe kasoro inayoweza kumuua mtu.

Ukianguka, na ukifaulu

Gari likikataliwa, chukua orodha ya kasoro, na muulize mkaguzi kwa heshima akuonyeshe kila moja ilipo. Wengi wao watakuonyesha. Peleka orodha hiyo kwa fundi neno kwa neno. Usimwambie tu kwamba "breki zimekataliwa," mwambie ni gurudumu lipi. Tengeneza, jaribu, ndipo urudi.

Likifaulu, andika daftarini kila kilichobadilishwa, tarehe yake na kilomita zilizosomeka. Kisha gawa kazi ya mwaka ujao: taa na upepo wa tairi kila wiki, majani ya springi na uvujaji kila mwezi, kufungua ngoma za nyuma kila baada ya miezi sita, nyundo ya chesisi mara moja kabla ya mvua za masika. Mwenye kufuata ratiba hiyo hatahitaji wiki sita mwakani. Na kwa mwaka mzima, mama anayevuka barabara sokoni na mtoto mgongoni atakuwa mbele ya pikapu inayosimama pale dereva wake anapotaka isimame.